Chakula cha bure shuleni England: maswali ya wazazi na walezi wetu

Ukurasa huu ni wa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili na kulea watoto England, wawe wametoka Tanga, Mombasa, Bukavu au Bujumbura. Kama huna muda wa kusoma wote, chukua hili moja: mtoto anaweza kuwa anakula bure tayari, na bado kukawa na haki zake nyingine zinazopotea kwa sababu tu hakuna aliyejaza fomu. Fomu yenyewe ni fupi. Ijaze leo.

Ni watoto gani wanaokula bure?

Makundi ni mawili, na kuyachanganya ndiko kunakowapoteza wazazi wengi.

Kundi la kwanza ni wadogo. Tangu Septemba 2014, kila mtoto aliye Reception (darasa la kuanzia shule), Year 1 au Year 2 katika shule ya serikali anapewa chakula cha mchana bila malipo. Haiulizwi baba anafanya kazi gani wala mama anapata kiasi gani. Shule zinazoitwa academy na free school zimo pia. Shule za binafsi hazimo.

Kundi la pili ni la kipato, nalo linaanzia shule ya awali iliyo ndani ya shule ya msingi hadi kidato cha sita. Hapa mzazi lazima aombe. Mtoto hapewi kwa sababu mwalimu anajua hali ya nyumbani, wala kwa sababu mdogo wake anapewa. Ombi lisipopelekwa, kwenye vitabu vya shule mtoto huyo anahesabika kama anayelipa.

Kwa takwimu za Januari 2025, wanafunzi wapatao milioni 2.2 katika shule za serikali za England, yaani asilimia 25.7, walikuwa wamesajiliwa kwa kigezo cha kipato. Hao ni walioomba na kukubaliwa. Wanaostahili ambao hawajaomba hawamo katika hesabu hiyo. Wizara ya elimu ilipofanya makadirio mwaka 2013, iliona kuwa karibu asilimia 11 ya watoto waliostahili hawakuwa wamesajiliwa. Watoto wa familia zinazohangaika na lugha ya fomu hawakosekani humo.

Kipato kinachotakiwa ni kipi?

Familia nyingi za kwetu zinaingia kupitia Universal Credit, yaani msaada wa fedha wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Tangu Aprili 2018 kulikuwa na sharti gumu: kupokea Universal Credit hakukutosha, ilibidi pia mapato ya kazi ya kaya nzima, baada ya makato na bila kuhesabu fedha za msaada, yasizidi pauni 7,400 kwa mwaka. Hiyo ni kama pauni 616 kwa mwezi. Mama anayesafisha ofisi alfajiri na kurudi tena jioni anavuka kiwango hicho kwa urahisi, huku kodi ya nyumba ikimeza karibu kila alichopata. Sharti hili limewaumiza hasa watu wanaofanya kazi, na wengi wetu ndio hao.

Juni 2025 serikali ilitangaza kuliondoa. Kuanzia mwaka wa masomo unaoanza Septemba 2026, mtoto yeyote ambaye kaya yake inapokea Universal Credit anastahili, mapato yawe kiasi gani. Makadirio ya serikali ni kwamba watoto zaidi ya nusu milioni wanaongezeka, na kila mzazi anaokoa karibu pauni 500 kwa mwaka kwa mtoto mmoja.

Kwa hiyo kama uliwahi kuomba ukakataliwa kwa sababu ya mshahara, jibu lile la zamani lisikuzuie. Omba upya.

Mimi ni bibi, ninalea wajukuu. Sipokei Universal Credit.

Ukipokea Pension Credit, yaani msaada wa wazee wenye kipato kidogo, ile sehemu yake ya uhakika (Guarantee), wajukuu unaowalea wanastahili. Vilevile watoto wa familia zinazosubiri uamuzi wa hifadhi na kupewa msaada wa wakimbizi kwa sheria ya mwaka 1999 wanastahili.

Mtoto wangu yuko Year 1, anakula bure tayari. Fomu ya nini tena?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote hapa, na ndipo tunapopoteza zaidi.

Shule inapata fedha za ziada kutoka serikalini, ziitwazo Pupil Premium, kwa kila mtoto aliyesajiliwa kwa kigezo cha kipato. Kwa mwaka wa fedha wa 2025 hadi 2026 kiwango ni pauni 1,515 kwa mtoto wa msingi na pauni 1,075 kwa wa sekondari. Tena mtoto akishasajiliwa, hata hali ya nyumbani ikibadilika, shule inaendelea kupokea fedha hizo kwa miaka 6 baada ya mara ya mwisho jina lake kuonekana katika hesabu. Fedha hizo ndizo zinazolipa mwalimu msaidizi, masomo ya ziada ya kusoma, mtu wa kumsaidia mtoto aliyefika majuzi akiwa bado hajui Kiingereza.

Sasa angalia kinachotokea. Mtoto anaingia Reception, anapewa sahani kama wenzake, mzazi anaona hakuna haja ya kuomba. Miaka mitatu inapita. Shule imemlisha, lakini haijapata senti ya Pupil Premium kwa ajili yake, ingawa alistahili siku ya kwanza. Katika shule yenye watoto 20 wa namna hiyo, pengo hilo ni mshahara wa mtu mzima.

Fedha hizo hazipewi mzazi mkononi, na shule haifungwi kuzitumia kwa mtoto mmoja mmoja. Lakini una haki ya kuuliza zinatumikaje, na kila shule inatakiwa kutangaza mpango wake kwenye tovuti yake.

Angalizo kuhusu mabadiliko ya 2026: chakula kinapanuliwa kwa wote wenye Universal Credit, ila Pupil Premium inaendelea kufuata kipimo cha zamani cha mapato madogo. Ndiyo maana fomu bado inauliza mambo ya kipato, nawe ujibu yote.

Tunaishi London na shule ya msingi inalisha wote. Tufanye nini?

Ni kweli. Tangu Septemba 2023 Meya Sadiq Khan analipia chakula cha watoto wa Year 3 hadi Year 6 katika shule za msingi za serikali, hivyo ukijumlisha na wadogo, shule ya msingi nzima inakula bure. Halmashauri ya Tower Hamlets imekwenda mbele zaidi na kulisha hata sekondari mpaka umri wa miaka 16.

Jibu letu halibadiliki: jaza fomu. London ndipo ilipo rahisi zaidi kusahau, kwa sababu hakuna anayekudai hela ya chakula. Kisha mtoto anafika Year 7 katika mtaa usiolisha sekondari, na Septemba hiyohiyo mzazi anashtukia bili.

Viza yangu ina zile herufi NRPF, yaani sina ruhusa ya kupokea fedha za umma. Si nimekatazwa msaada wowote?

Umekatazwa fedha za umma zilizotajwa katika orodha ya uhamiaji. Chakula cha shule hakimo katika orodha hiyo. Kwa miaka mingi familia za NRPF zilibaki nje kwa sababu nyingine: mlango wa kuingilia ulikuwa Universal Credit na wenzake, nazo hazikuruhusiwa kuzipokea. Mtoto alizaliwa hapa, anasoma hapa, anakaa meza moja na wenzake, na anaambiwa afungue mkebe wake wa mkate mkavu. Mashirika ya kutetea watoto yalipigania jambo hili, ukaja mpango wa muda, na mwaka 2022 ukafanywa wa kudumu.

Kipimo chake ni tofauti, nacho kinaangalia mapato ya kaya kwa mwaka baada ya kodi. Nje ya London ni pauni 22,700 kwa familia ya mtoto mmoja na pauni 26,300 kwa yenye watoto wawili au zaidi. Ndani ya London ni pauni 31,200 na pauni 34,800. Akiba isizidi pauni 16,000.

Viwango hivyo viko juu kuliko zile pauni 7,400. Wahudumu wa wazee waliokuja kwa viza ya kazi, wanafunzi waliokuja na familia, walioolewa na raia, hata wale ambao karatasi zao hazijakaa sawa: watoto wao wanaweza kuomba. Ombi hupelekwa shuleni kwa sababu mfumo wa kompyuta hauna kumbukumbu zako za Universal Credit za kukagua. Utaombwa hati za mshahara au taarifa za benki. Kama karani wa shule hajawahi kusikia mpango huu, na hilo hutokea, usiondoke. Mwambie kwa utulivu kwamba mwongozo upo kwenye tovuti ya wizara ya elimu, na umwombe aupeleke kwa mkuu wa shule.

Je, nikiomba, ombi langu la ukaazi litaharibika?

Hapana. Si fedha za umma kwa maana ya uhamiaji, kwa hiyo kuomba si kuvunja sharti la viza. Ukiwa na wasiwasi wa kipekee kuhusu hali yako, muulize mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Jirani au kundi la WhatsApp halitoshi kwa jambo hili. Uvumi wa kwenye simu umewanyima chakula watoto wengi kuliko sheria yenyewe.

Nyumbani tulizoea mzazi anachangia mahindi na maharage. Kula bure si kujidhalilisha?

Swali hili tunaliheshimu. Aliyelelewa akijua mzazi anapeleka debe la mahindi shuleni ili watoto wapikiwe makande, au analipia githeri kila muhula, anaona heshima yake iko katika kuchangia. Hapa pia unachangia. Unalipa kodi katika mshahara, katika bili ya halmashauri, katika kila unachonunua dukani. Sahani ya mtoto inatoka humo.

Na jambo lenyewe ni la zamani. Sheria ya kwanza ya kuziruhusu halmashauri kulisha wanafunzi ilipitishwa mwaka 1906, baada ya nchi kushtuka kuona vijana wengi waliojitokeza kupigana vita vya Makaburu wakiwa dhaifu wa mwili. Mji wa Bradford ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuitekeleza. Mwaka 1944 likawa jukumu la lazima kwa halmashauri kutoa chakula shuleni. Mwaka 1980 serikali ya Thatcher ikalegeza jukumu hilo, na hapo ndipo ubora wa chakula uliposhuka kwa miaka mingi. Tangu hapo nchi hii inavutana ni nani alishwe na nani asilishwe. Marcus Rashford, mwanasoka aliyekulia Wythenshawe mjini Manchester, alisema hadharani mwaka 2020 kwamba familia yake ilitegemea chakula cha shule, akailazimisha serikali kubadili msimamo kuhusu likizo ya kiangazi. Hakupungukiwa na heshima kwa kulisema.

Aibu, hata hivyo, ipo kweli, na watoto huihisi kuliko sisi. Kati ya 2009 na 2011 halmashauri za Newham na Durham zilijaribu kulisha watoto wote wa shule za msingi. Takriban tisa kati ya kumi walikula. La kuzingatia zaidi ni kwamba hata watoto waliokuwa na haki tangu mwanzo walianza kula kwa wingi zaidi, kwa kuwa hapakuwa tena na wa bure na wa kulipa. Watafiti waliona pia kuwa wanafunzi katika maeneo hayo walisonga mbele kimasomo kwa kama miezi miwili zaidi ya wenzao. Mimi naona ushahidi huo ungetosha kulisha shule zote za msingi nchini.

Katika shule nyingi siku hizi hakuna tiketi ya rangi tofauti. Watoto wote wanatumia kadi, namba au alama ya kidole, na anayesimama nyuma kwenye foleni hawezi kujua nani analipa. Kama shule ya mtoto wako bado inawatenga wa bure kwa namna yoyote, lalamika kwa mkuu wa shule.

Alama ya kidole? Lazima?

Si lazima. Sheria ya mwaka 2012 inataka ridhaa ya maandishi ya mzazi, na mtoto mwenyewe akikataa, shule impe njia nyingine.

Chakula chenyewe ni halali? Mtoto wangu anasema hakina ladha.

Halali hailazimishwi na sheria. Inategemea shule na mpishi. Katika miji yenye Waislamu wengi, kama Leicester na Birmingham, utaikuta shule nyingi. Kwingine utaambiwa mtoto ale chakula kisicho na nyama. Uliza kwa maandishi nyama inatoka wapi, na kama wazazi mko kadhaa, ulizeni pamoja. Mpishi wa shule anabadilisha menyu anapoona watoto 30 hawagusi kuku wake.

Kuhusu ladha, ni kweli, mtoto aliyezoea wali wa nazi na mchuzi ataona viazi vya kuponda vimepoa. Mpe muda. Wengi huanza kula wakiona wenzao wanakula. Lakini usidhani chakula hicho ni cha ovyo. Tangu Januari 2015 kuna viwango vya kisheria: mboga na matunda kila siku, vyakula vya kukaangwa katika mafuta mengi visizidi mara mbili kwa wiki, maji yawepo wakati wote. Mkebe tunaofunga nyumbani hauna mkaguzi. Chuo Kikuu cha Leeds kilipochunguza mikebe ya watoto wa shule za msingi, mwaka 2020 kiliripoti kuwa chini ya miwili katika kila mia ndiyo iliyofikia viwango hivyo.

Mwenye mzio au ugonjwa unaohitaji mlo maalumu apeleke barua ya daktari. Hapo shule ina wajibu.

Kijana wangu wa sekondari anastahili, lakini anarudi na njaa.

Tunalisikia mara nyingi. Sekondari hapewi sahani moja kama msingi. Anawekewa kiasi cha fedha kwa siku katika akaunti yake ya mgahawa wa shule, nacho huwa kinatosha mlo mmoja mkuu na pengine kitu kidogo. Akinunua kipande cha piza na kinywaji saa nne asubuhi, saa saba hana kitu. Foleni nazo ni ndefu na muda wa mapumziko ni mfupi, kwa hiyo wengine huacha kabisa. Na katika shule nyingi, fedha ambayo haikutumika leo inafutwa usiku, haihamii kesho.

Zungumza naye bila kumfokea. Muulize ananunua nini, saa ngapi, foleni ikoje. Kisha iulize shule mambo mawili: je, mlo mkuu unapatikana kwa kiasi hicho hasa, na je, salio lisilotumika linaweza kuhamia siku inayofuata? Kuna shule zimekubali kubadilisha baada ya wazazi kuuliza.

Kwa nini shule inasisitiza mtoto ale chakula cha shule siku fulani ya Oktoba au Januari?

Ni siku ya sensa ya shule. Fedha za chakula cha wadogo wa Reception hadi Year 2 hukokotolewa kwa kuangalia ni wangapi walikula siku hiyo. Ndiyo maana utaona menyu imepambwa. Hata kama kwa kawaida unamfungia chakula, siku hiyo mwache ale cha shule. Na fomu ya kipato uipeleke kabla ya sensa ya Oktoba ikiwezekana.

Je, likizo?

Kuna mpango unaoitwa HAF, ulioenea England nzima tangu Pasaka ya 2021: michezo, shughuli na chakula kwa wiki nne za kiangazi, wiki moja ya Pasaka na moja ya Krismasi. Ni kwa watoto wa Reception hadi Year 11 waliosajiliwa kwa kigezo cha kipato. Umeona tena? Mtoto wa Year 2 anayekula bure bila fomu hapewi kiungo cha kujisajili HAF. Nafasi huisha haraka. Fungua barua pepe za shule wiki za mwisho za muhula.

Naombaje?

Andaa tarehe yako ya kuzaliwa na namba yako ya National Insurance, au namba ya msaada wa wakimbizi. Ingia tovuti ya halmashauri yako au nenda ofisi ya shule. Mfumo unakagua wenyewe, na mara nyingi jibu linatoka papo hapo. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kumbukumbu za serikali, kwa maana majina yetu matatu huchanganywa: la babu linawekwa la ukoo hapa, la baba linawekwa pale, na mfumo unasema hakuna mtu huyo. Tumeona ombi halali likirudishwa kwa herufi moja. Likirudi, linganisha na barua yako ya Universal Credit, tuma tena.

Halmashauri kadhaa, Sheffield ikiwemo, zinawasajili watoto zenyewe kwa kutumia kumbukumbu zilizo nazo, na mzazi asiyetaka ndiye anayejitoa. Ndivyo ingepaswa kuwa kila mahali. Mpaka hapo, usisubiri.

Kwa kawaida chakula cha bure huanza ombi likikubaliwa, hakirudi nyuma. Deni la wiki zilizopita linabaki, ila unaweza kuomba shule ikupangie kulipa kidogo kidogo.

Tunahamia Uskoti au Wales. Mambo ni yale yale?

Hapana. Wales inalisha watoto wote wa shule za msingi, na Uskoti inalisha wote wa P1 hadi P5, yaani miaka mitano ya kwanza ya shule ya msingi. Ulizeni halmashauri ya huko mkifika.

Nikipata kazi ya mshahara mkubwa, nitadaiwa kilicholiwa?

Hutadaiwa, mradi ulipoomba ulisema kweli. Watoto waliostahili tangu Aprili 2018 walilindwa hata mapato ya nyumbani yalipopanda. Ulinzi huo unakoma sheria mpya inapoanza Septemba 2026. Hali yako ikibadilika, ijulishe shule, na ikibadilika tena kurudi chini, omba upya siku hiyohiyo.